Kambi ya Misonobari Niliyoichagua Mimi

Kambi niliyoichagua sijawahi kuiona. Lakini ukiniambia leo nikuchoree, nitakuchorea. Geti liko upande wa barabara ya basi. Duka la mikate liko mkono wa kulia ukiingia. Bwawa la kuogelea lenye kelele liko mbele, na huko nyuma kabisa, mwisho wa njia ya mchanga, kuna misonobari imesimama kama watu waliokuja kutoa pole na hawajui waseme nini. Hapo ndipo nilipotaka tuweke hema. Nilipachagua wakati wa baridi, nikiwa Lanham, Amerika, jikoni, mikono inanuka kitunguu.

Mjomba ndiye aliyeleta kitabu. Alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya mazao kule Beltsville, na huko alikuwa na rafiki Mfaransa aliyemjaza maneno kichwani: kusini kwa Ufaransa watu wenye akili zao hawalali hotelini, wanalala kambini, wanaota jua, wanakula samaki na kuimba. Siku moja mjomba akarudi na kitabu kinene chenye orodha ya kambi hizo, akakiweka mezani katikati ya sahani.

"Likizo hii tunapiga kambi," akasema.

Shangazi alikuwa bado na viatu vya kazini. Alimtazama mumewe kama mtu aliyeambiwa ahame nyumba. "Mimi? Kwenye turubai? Baba yangu aliuza ng'ombe nikasome, nikasoma, nikafika Amerika, halafu nikalale nje Ufaransa?"

"Si nje, mke wangu. Ni hema. Lina vyumba."

"Hata banda la kuku lina vyumba."

Nilicheka mpaka nikashikilia sinki. Binti yao, ambaye alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza tu, aliuliza kama kutakuwa na bwawa lenye mtelezo. Mjomba akasema lipo, yapo mabwawa kila kona. Shangazi akaona ameshindwa, akavua viatu.

"Haya. Lakini choo kiwe na vigae na maji ya moto. Na kuwe na duka, mimi sitembei kilomita kutafuta chumvi." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye subira humu ndani. Pitia hicho kitabu, tafuta pazuri."

Mimi nikapokea kitabu kile kwa mikono miwili.

Lazima nieleze nilivyofikiri, maana bila hivyo mtu ataniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Shangazi hakuwa shangazi wa damu. Alikulia jirani na baba yangu, ukuta kwa ukuta, na kwetu hiyo inatosha kabisa. Alipopata mtoto akaniita kutoka nyumbani nije nimsaidie kulea, nikaja na darasa langu la saba na sanduku la kamba. Sikuwa mfanyakazi. Nilikuwa mtoto wa nyumba anayefanya kazi, na tofauti hiyo niliijua vizuri, au nilidhani naijua. Pasi yangu ya kusafiria ilikaa kwenye droo ya shangazi pamoja na zao, zimefungwa kwa mpira mmoja. Wenzangu niliokutana nao kwenye basi walikuwa wakinung'unika kuhusu pasi zao kushikwa. Mimi nilipenda ikae pale. Nikifungua droo kutafuta pini, naiona imebanwa katikati ya za wenyewe, moyo unatulia.

Na kwetu anayeandaa safari yumo safarini. Aliyetumwa kuuliza nauli yumo, na anayekaanga maandazi ya njiani yumo pia. Hakuna anayemwuliza kama naye atakwenda, kwa sababu ni kama kumwuliza mpishi kama atakula. Na yeye haombi. Kuomba kuchukuliwa ni kuwaambia watu kwamba wamekusahau, na ni vibaya kumwambia mtu hivyo kama hajakusahau.

Basi sikuuliza. Nilianza kuchagua.

Nilikuwa na sababu yangu ambayo haikuwa jua wala samaki. Dada yangu, huyu wa tumbo moja, alikuwa Montpellier, huko huko kusini kwa Ufaransa. Aliondoka nyumbani nikiwa bado navaa sare ya shule, na familia ya Kifaransa aliyokuwa akiwalelea watoto Dar es Salaam. Walipohamishwa, wakamchukua. Wazungu wale, watu baki kabisa, walimchukua. Sasa shangazi yangu ataniachaje?

Tulikuwa hatujaonana tangu hapo. Na katikati yetu mama alikuwa amekufa, masika ya mwaka uliotangulia. Tulizika kwa simu, yeye kule, mimi huku, kaka zetu makaburini. Shangazi alinifanyia mema siku zile. Alialika watu, wakajaa sebuleni, wa kanisani na wa msikitini, wakakaa chini, wakaimba, wakasoma dua, wakanywa chai. Lakini aliyezaliwa na mama yangu hakuwemo. Kwenye simu hatukuwahi kulia vizuri. Ukianza tu, yule mwanamke wa kwenye kadi ya simu anaingia na sauti yake safi kukuambia dakika zimebaki chache. Dada akasema, "Tutakaa chini siku tukionana. Tutandike mkeka, tukae, tulie tumalize." Tukaweka hivyo. Msiba wetu ukawa umesimama, unatusubiri tukutane.

Kwa hiyo mimi sikuwa natafuta kambi ya likizo. Nilikuwa natafuta mahali ambapo watu wawili wanaweza kulia kwa sauti bila jirani kuja kuuliza kuna nini.

Kifaransa sikukijua. Nilisoma vipicha. Kila kambi ilikuwa na vipicha vyake pembeni: bomba la maji, mti, kitanda, gitaa, mbwa aliyepigwa mstari. Gitaa nililiogopa mapema. Maana yake muziki, na penye muziki hatuwezi kulia. Miti mitatu ilikuwa bora kuliko mmoja, kwa ajili ya kivuli. Jikoni nilikuwa nageuza ndizi kwa mkono mmoja na kurasa kwa mkono mwingine, na nikipata kambi iliyo karibu na Montpellier moyo unaruka. Halafu naona gitaa. Basi, naigeuza.

Mwisho nikapata moja yenye kila kitu. Vigae vya shangazi vilikuwepo, picha kabisa. Duka la mikate. Mtelezo wa mtoto. Bei ambayo mjomba hangekunja uso. Miti mitatu, hakuna gitaa, na nyuma kwenye ramani ndogo, viwanja vya mwisho vilivyojitenga peke yao. Lakini sikuridhika na vipicha. Nikakipeleka kitabu Bladensburg.

Huko aliishi mama mmoja wa Bukavu aliyesuka nywele sebuleni kwake. Shangazi alikuwa mteja wake, na mimi nilizoea kwenda kumsaidia kuchambua nywele za kuongezea. Alikuwa na Kifaransa, na alikuwa na mdomo.

"Bazungu banalipa feza juu ya kulala mu hema?" akasema, akikishika kitabu mbali kama kitu kinachouma. "Mie nililala mu hema, mwana. Nililala mu plastiki. Hakuna hata mutu aliniomba senti."

"Hii ni ya raha, mama."

"Ya raha! Haya, lete simu."

Akapiga. Aliongea Kifaransa kwa ukali kama anayegomba na mwenye duka, huku mkono mmoja bado uko kwenye kichwa cha mteja. "Anasema wageni banaweza kuingia. Banaandika jina ku mulango, banakaa, magaribi banatoka. Kuko bisi ya kutoka Montpellier."

"Muulize viwanja vya nyuma."

Akauliza. Akacheka. "Anasema iko kimya sana. Anasema watu banavikataa juu viko mbali na maji ya kuogelea. Weye unatafuta kimya ya nini? Mutu wa vakansi anatafuta ngoma!"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa ufupi, nikiwa nimeinamia nywele za bandia. Yule mama aliweka kitana chini. Kisha akapiga simu ile tena, na safari hii aliongea polepole, kwa adabu, na nilisikia neno moja tu nililolijua, *maman*.

"Nimeuliza kama kivuli kinakaa siku muzima," akaniambia. "Anasema kinakaa."

Nilirudi Lanham kwa basi nikiimba. Nilimpigia dada, nikamwambia njoo na mkeka, mimi sitaweza kuubeba kwenye ndege. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema, "Nimechagua mwenyewe, tena kiwanja chenyewe nimekichagua." Akapiga kigelegele huko huko alikokuwa, kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hoteli anayofanyia kazi, na nikasikia wenzake wanamwuliza kitu na yeye anawajibu huku anacheka.

Mjomba alinunua hema mapema, tukalijaribu uani. Liligoma. Lilituangukia mara mbili, mtoto akashangilia, jirani akatoka kutazama Waafrika waliovaa turubai. Lilipokubali kusimama niliingia ndani. Lilikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Nikajua mtoto na mimi tutalala hiki cha kushoto. Nikalala chali nikajaribu, nikasikia harufu ya mpira na majani, nikafurahi mpaka nikaona haya.

Jumapili moja asubuhi mjomba akakaa mezani na simu ili atushikie nafasi. Shangazi alikuwa anakunywa chai na mimi nakaanga mayai. Mjomba akampata mtu wa kambi, akamtajia kiwanja nilichokizungushia kalamu, akataja tarehe za Agosti. Halafu akaulizwa kitu.

"Watu wazima wawili," akajibu kwa Kiingereza, "na mtoto mmoja."

Nilidhani amekosea. Nilimhurumia hata, maana mjomba alikuwa msahaulifu. Nikageuka na mwiko mkononi, nikasema kwa sauti ya kumkumbusha, "Mjomba, watu wazima watatu."

Akaziba simu kwa kiganja. Alimtazama mkewe.

Shangazi aliuliza, "Nani mwingine anakuja?" Aliuliza kweli. Alidhani nina habari za mgeni. Kisha akaniangalia usoni na nikaona jinsi jibu lilivyomfikia.

"Jamani," akasema. "Mwanangu. Ulidhani...?"

Mayai yalikuwa yanaungua. Nilizima jiko. Nilisema, "Hapana shangazi, nilikuwa nauliza tu," na hilo ndilo jambo la kijinga kuliko yote niliyosema siku ile, kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Mjomba akamwambia mtu wa kambi asubiri, kisha akamwambia atampigia baadaye. Tukakaa. Nikawaeleza dada, mama, mkeka, misonobari. Shangazi alishika kifua. "Mbona hukusema? Mwaka mzima unajua dada yako yuko huko huko, mbona hukusema?"

"Nilidhani nakwenda."

"Ungeuliza!"

Ni yeye aliyenifundisha, nilipofika, kwamba hapa ni kwangu. Mtu haulizi kama anaruhusiwa kwake.

Mjomba ndiye aliyesema lile lingine. Aliongea akitazama kikombe. Kwamba hata kama wangenikatia tiketi asubuhi ile, isingewezekana. Makaratasi yangu ya kukaa Amerika yalikuwa yamekwisha muda. Walikuwa wameyaacha kidogo, walitaka kuyashughulikia, mwanasheria alikuwa ghali, mambo yakawa mengi. "Ukitoka, hawatakuruhusu kuingia tena. Tulikuwa hatutaki kukutia wasiwasi."

Basi haikuwa Ufaransa tu. Ilikuwa kila mahali. Nilikuwa nimekaa miezi ile nachagua kivuli na nyasi kumbe mlango wenyewe ulishafungwa, na mimi peke yangu humu ndani nilikuwa sijui. Kama ningetoka nisirudi, wadogo zangu wawili nyumbani, ninaowalipia ada, wangetoka shuleni, hilo sote mezani pale tulilijua na hakuna aliyelitaja.

Shangazi alilia. Alisema wataahirisha, watakwenda mwaka mwingine. Mimi ndiye niliyekataa. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na nguo ya kulalia, akauliza kwa Kiingereza kama bado tunakwenda kwenye mtelezo. Nikamwambia mnakwenda, mama, mnakwenda. Kisha nikakwangua sufuria.

Dada nilimpigia siku iliyofuata. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoroka. Nikasikia mashine za kufulia zikizunguka nyuma yake. Halafu akasema, "Mimi nilishawaambia wenzangu mdogo wangu wa Amerika anakuja. Walitaka kuona kama umenenepa."

"Nimenenepa."

"Nilijua tu." Kisha akauliza, "Hiyo kambi ni nzuri?"

"Ni nzuri. Kivuli kinakaa siku nzima."

"Basi nitakwenda mimi niitazame. Nisipokuona wewe, nione hata pale ulipopapenda."

Nikataka kumwambia asiende, itamwumiza. Yule mwanamke wa kadi akaingia na dakika zake.

Mchana wa siku ya kuondoka nilimweka mtoto katikati ya magoti yangu nikamsuka. Nilimsuka twende kilioni: mistari iliyonyooka kwenda nyuma, upesi upesi, bila urembo, ile ambayo wanawake kwetu wanasukana wakisikia msiba na muda hamna. Ndivyo mama alivyokuwa akitusuka sisi, hata siku za kawaida, kwa sababu alikuwa na watoto wengi na subira kidogo. Alikuwa na namna yake ya kumalizia: hakuacha ncha zining'inie, alizichomeka chini ya msuko wa pili, kila moja inalala chini ya mwenzake.

Shangazi alipita na sanduku, akasimama. "Twende kilioni? Kwenye likizo? Mwekee hata shanga."

"Shanga zitamwumiza kwenye bwawa, shangazi."

Ilikuwa kweli. Haikuwa kweli yote. Alinitazama kidogo, akaendelea na sanduku lake.

Waliondoka. Nilifungua droo kutafuta pini za kuanikia, na pasi yangu ilikuwa pale, na mpira uko juu yake, umelegea, haubani kitu.

Sijui nisemeje juu ya wiki zile. Lanham mwezi wa Agosti hewa inakuwa kama kitambaa cha maji usoni. Nilimwagilia maua. Uani, pale tulipojaribu hema, majani yalikuwa yamepauka kwa mraba, na nilikuwa nakaa hapo jioni jioni na miguu nimeinyoosha, nikisema sasa nitalia, niko peke yangu, hakuna gitaa. Machozi hayakuja. Nilikuwa mkavu kama kuni. Mimi ambaye hulia hata nikiona mtoto wa mtu ameangusha aiskrimu. Nilijaribu kuota, maana kuota ndiyo kazi niliyoizoea kuliko zote, nikaona sina mahali pa kupeleka ndoto. Kila ninapoiweka, kuna geti. Mama wa Bukavu alinipigia simu. Hakufanya mzaha. Alisema tu, "Mwana, umekula?"

Walirudi wameiva na jua. Shangazi alinikumbatia kwa muda mrefu, akanipa sabuni yenye harufu ya maua. "Dada yako alikuja," akasema. "Mcheshi kweli yule." Akaingia chumbani kwake upesi, na nikaona hawezi kuendelea.

Mtoto ndiye aliyenipa yote, kesho yake, nilipomweka kwenye magoti nimfumue, maana shule ilikuwa inafunguliwa. Nilikuwa nimefika karibu na sikio la kushoto aliposhika mkono wangu.

"Huo usiuguse," akasema kwa Kiingereza chake. "Huo ni wake."

Nikautazama. Ulikuwa umesukwa kwa mkono mwingine, mkavu zaidi, umekaza. Na ncha yake ilikuwa imechomekwa chini ya mwenzake.

Alisema dada alikuja na mkeka begani, watu wote wakamwangalia. Aliandika jina getini. Alikaa chini ya misonobari na shangazi akampikia chai kwenye jiko lile dogo la gesi, na walikuwa wanacheka. Kisha yeye mtoto akatoka kwenye maji, kichwa kinachuruzika, na dada alipomwona kichwa akaacha kucheka. Alimwita. Akamkalisha katikati ya magoti. Akafumua mstari mmoja, akausuka upya, polepole sana.

"Alikuwa analia," mtoto akasema, "lakini mikono yake haikusimama. Mama aliniambia niende bwawani. Sikwenda. Halafu Mama akakaa naye chini, naye akalia."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Hakuna mtu aliyekuja. Kule nyuma hakuna watu."

Nilikuwa nimechagua vizuri, basi. Walikaa chini, kwenye mkeka, kwenye kivuli, msiba wa mama yangu ukaliliwa kama ulivyotakiwa, na aliyekaa kwenye nafasi yangu alikuwa shangazi.

Nilimfumua mistari mingine yote, nikamsuka upya na shanga kama alivyotaka, na ule mmoja nikauacha. Shangazi aliuona, akapita. Mtoto alikwenda nao shule. Lakini nywele za mtoto hazisubiri. Ulianza kutoa manyoya, ukalegea, na siku moja akarudi amenuna, akasema wenzake wanamwuliza kwa nini huo mmoja ni mchafu.

"Njoo," nikamwambia.

Nilianzia nchani, nikauchomoa pale dada alipouficha. Nilifumua kidogo kidogo, kila msokoto nikiuacha kwanza ukae kwenye vidole, na hapo ndipo hatimaye machozi yalipokuja, kwa sauti, na mtoto akanyamaza katikati ya magoti yangu hakugeuka, kama mtu aliyeshafundishwa. Ulipokwisha nywele zilibaki na mawimbi, pale pembeni ya sikio, nikawa nayapitishia kidole.

Kisha shangazi akaita kutoka bafuni kwamba maji yamepata moto, nimlete mtoto aoshwe kichwa.